Ramani ya Mtu Mwingine

Swali lenyewe aliniuliza binamu yangu, tena kwa utani. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni nikipima umbali kati ya mistari miwili kwa rula ya chuma, mara ya tatu asubuhi hiyo. Akasimama mlangoni na kikombe cha chai, akanitazama weee, akasema, "Kumbe unajua kufuata maagizo? Si ungefuata ya baba yako basi."

Nilicheka. Halafu nikashindwa kuendelea kupima.

Ramani iliyokuwa sakafuni ni ya ndege ndogo ya kuendeshwa kwa rimoti, iitwayo Kwik Fli III. Aliichora Phil Kraft, Mmarekani aliyekuwa na kampuni ya kutengeneza redio za ndege za aina hiyo kule California, na kwa ndege hiyo akawa bingwa wa dunia wa sarakasi za angani mwaka 1967, mashindano yalipofanyika kisiwani Corsica. Mabawa yana takriban mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha. Injini ya enzi hizo ilikuwa ya sentimita 10 za ujazo, ikinywa methanoli iliyochanganywa na mafuta, na sauti yake kwenye video ni ya nyuki mwenye hasira ndani ya debe. Mimi sikuwa na injini hiyo wala mafuta yake. Nilikuwa na mota ya umeme ya mtumba kutoka Luthuli Avenue, batri moja, sevo nne, na chumba cha kukodi Nkubu chenye sakafu ndefu kidogo kuliko bawa.

Usiniulize kwa nini ndege. Kila baada ya miaka michache magazeti yetu hupata kijana wa mashambani aliyejenga ndege uani kwao, na watu huuliza lile lile: itabeba wangapi? Yangu haibebi mtu. Haibebi hata kilo ya sukari. Kazi yake ni kupanda, kubingirika, kuruka chali, kuchora duara hewani na kurudi chini ikiwa nzima. Niliiona mara ya kwanza saa nane usiku, nilipotakiwa kuwa naandika insha ya mwanafunzi mmoja wa Ohio kuhusu maadili ya biashara. Ndiyo, hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikinilisha. Nimeacha chuo mwaka wa tatu, nikawa nawasaidia wengine kumaliza chao. Sijivunii, ila sitaficha, na utaona mbele kwa nini nimeamua kutoficha.

Sasa baba. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na yeye pia alikuwa na ramani. Mwaka niliozaliwa alipanda miti ya mukima kwenye mpaka wa shamba, arobaini, kwa mstari. Mukima si mti wa ajabu. Ni grevilea, asili yake Australia, na ukisafiri kutoka Embu hadi Meru utauona kwenye mpaka wa kila shamba, umepogolewa matawi hadi ukabaki kama mswaki. Ila ile ya baba ilikuwa na daftari. Kila mti ulikuwa na nambari, na kila ulipouzwa aliandika tarehe, bei, na kazi ya hizo pesa. Kuanzia nilipoingia chuo, safu ya mwisho ilikuwa na neno moja likijirudia hadi chini ya ukurasa: karo. Muhula miti mitatu, muhula miti minne. Mwenye msumeno wa petroli alikuwa anakuja mwenyewe bila kupigiwa simu, alishajua kalenda ya chuo chetu kunishinda.

Kwa hiyo swali la binamu halikuwa la kupuuzwa. Kwa nini nilikubali kumtii Kraft, mtu ambaye hata hakujua kwamba kuna mji unaitwa Nkubu, hadi milimita ya mwisho, na nikakataa kumtii mtu aliyenipandia miti?

Jibu langu la kwanza lilikuwa jepesi, nalo nililiamini kwa wiki kadhaa. Nilisema ramani ya ndege ina sababu. Kila mstari uko pale kwa ajili ya kitu fulani: ubavu huu umetobolewa ili kupunguza uzito, kipande hiki kimepigwa mshazari ili nguvu ya mota isiipasue pua. Ramani ya baba ilikuwa amri tu. "Utasoma uhandisi." Ukimuuliza kwa nini, anakutazama kana kwamba umeuliza kwa nini mvua hunyesha kuelekea chini.

Shida ni kwamba jibu hilo si la kweli, na aliyeliangusha ni Kraft mwenyewe. Ramani haielezi kitu. Nenda uitazame. Ni mistari, vipimo na mishale. Pale kwenye bawa kuna alama ndogo inayoonyesha mahali ndege inapotakiwa kusimama ukiibeba kwa ncha za vidole viwili bila kuinama mbele wala nyuma. Basi. Hakuna sentensi inayosema ukikosea hapa utalia. Sababu zote nilizodhani nimezisoma kwenye karatasi nilikuwa nimezitoa kwingine, au nilizijua baada ya kuharibu kitu. Nilimtii Kraft bila kuambiwa kwa nini, sawasawa na mtoto mdogo.

Hata karatasi yenyewe ilinifunza hivyo. Nilipeleka faili kwenye saiba, mhudumu akachapisha kurasa 30 na kitu za kuunganishwa kwa gundi. Nilikata mbavu zote za bawa la kulia kabla sijagundua kwamba kompyuta yake ilikuwa imeambiwa ifanye mchoro utoshee kwenye ukurasa. Kila kitu kilikuwa kimepungua kidogo, kama asilimia tatu hivi. Hauoni kwa macho. Kila kipande kinaingiana na kingine vizuri kabisa, kwa sababu vyote ni vidogo kwa kiasi kile kile. Unakuja kukwama siku unapoweka kitu cha dunia halisi, kwa mfano mota. Tangu siku hiyo sichapishi ramani bila kwanza kuweka rula juu ya kipimo kimoja ninachokijua.

Halafu kuna mbao. Kraft alichora kwa ajili ya balsa, mti wa Amerika ya Kusini ambao mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 160 hivi. Huku kwetu mbao nyepesi ya dukani ni saiprasi, nayo ni karibu mara tatu ya hapo. Ukiijenga Kwik Fli kwa saiprasi tupu utapata kiti kizuri. Tena hapa tuko juu: kwenye mwinuko wa mita 1,500, hewa ni hafifu kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10, na bawa hupata mahali pachache pa kushika. Uzito ambao ungesamehewa pwani hausamehewi Imenti.

Aliyeniokoa ni shosho, mama wa mama yangu, aliyeko upande wa Siakago, Mbeere, kule Embu ya chini ambako ni joto na muguka na mbuzi. Nilikuwa nimeenda kumsalimia. Kwa kuwa nina jina la marehemu mume wake, yeye huniita mzee wangu, na mzee wake akilalamika anasikilizwa. Nikamwambia natafuta mti mwepesi. Akanyosha mkono kuelekea zizi la mbuzi. "Si huo hapo?"

Ulikuwa mlingoti wa mkonge. Mkonge huota miaka mingi ukiwa majani tu, halafu siku moja unatoa mlingoti mmoja wa kwenda juu kuliko nyumba, unachanua, na mmea wenyewe unakufa. Mlingoti ukikauka unabaki na ganda gumu kiasi, na ndani kitu kama mkate. Mtoto wa miaka minane anaweza kubeba wa mita tano begani akikimbia. Mjomba alinichagulia mitatu iliyonyooka, tukaipasua kwa msumeno mwembamba, na kwa siku mbili nilikuwa na vibao vya milimita tatu vilivyojaa kwenye gunia. Kondakta wa matatu ya kurudi aliniuliza kama ni sigara za babu.

Hapo sasa ndipo swali lilipobadilika. Kwa sababu nilikuwa naasi. Nilimtii Kraft kwenye umbo, lakini mbao si yake, mota si yake, ngozi si yake (nilifunika bawa kwa karatasi ya kaki, ile tuliyofunikia vitabu vya shule, na gundi nyeupe iliyotiwa maji). Bado ni Kwik Fli? Nadhani ndiyo, na sidhani ni suala la kupiga hesabu ya vipande vingapi vimebaki. Nakala ya ramani niliyopata ilikuwa imechanganuliwa kutoka kwenye karatasi ya mtu fulani, nisiyemjua, na mtu huyo alikuwa amepita na penseli. Kwenye gurudumu la mbele: mstari umekatwa, kipimo kingine kimeandikwa. Karibu na mkia: herufi mbili na mshale. Alikuwa ameasi, akaandika alipoasia. Yeyote anayejenga baada yake anaona ramani ya Kraft na anaona mkono wa huyu, na anajua kipi ni cha nani.

Nilikaa na hiyo penseli siku nyingi. Kuacha ramani ya mtu si dhambi. Ramani ilichorwa kwa mbao nyingine, kwa mwinuko mwingine, kwa miaka mingine. Baba alipanda miti mwaka ambao mhandisi akitoka chuo anapewa meza na gari la kazi, au ndivyo alivyoamini. Mimi nilikaa darasani nikiona waliotutangulia wakiendesha bodaboda na digrii zikiwa chini ya godoro. Kubadilisha mbao ilikuwa haki yangu. Ila mimi sikuandika kwa penseli.

Niliacha chuo mwezi wa tisa. Nyumbani nilisema mwezi wa tano. Kwa miezi minane nilikaa mjini nikiandika insha za Ohio, na pesa za karo zikaja mara mbili, na nikazipokea. Nilimwambia baba kwamba "nimeacha," kwa sauti ya mtu aliyeacha juzi. Alikubali kwa kunyamaza, jinsi anavyokubali mambo mengi. Katika miezi hiyo minane msumeno wa petroli ulipita mpakani mara mbili. Miti saba. Nimeihesabu visiki.

Watu wa rika langu tunapenda sana kuongea kuhusu uhuru wa kuchagua njia yako, na mimi nimeshaandika makala mbili za kulipwa kuhusu jambo hilo hilo, za kutia moyo sana. Hakuna hata moja iliyotaja anayelipa wakati bado hujasema umechagua. Ukikengeuka kwenye ndege, ikianguka ni yako. Hasara na jeuri ziko mfukoni mmoja. Mimi jeuri ilikuwa yangu, na hasara nikaiacha isimame mpakani kwa baba, imefunikwa kaki.

Sasa nikwambie nilivyofanya mkia.

Mkonge uliniishia nikiwa nimebakiza mkia tu. Kwenda Siakago na kurudi ni siku nzima: Nkubu, Chogoria, Chuka, zile kona za Thuci ambazo abiria wote hunyamaza, Runyenjes, Embu, ndipo uunge gari lingine. Nilikuwa na kipande cha saiprasi pale chumbani. Nikakikata kwa umbo sahihi kabisa, nikakilainisha kwa msasa, nikakifunika kaki. Ukiangalia kwa nje, huwezi kutofautisha. Uzito mkiani ni kama mtoto mnene kwenye ncha ya bembea ya ubao: gramu moja pale hudai gramu mbili au tatu puani ili mizani irudi. Nilisukuma batri mbele hadi ikagonga ukuta wa mota. Nikaibeba ndege kwa vidole viwili, na ikasimama sawa sentimita mbili nyuma ya alama ya Kraft. Nikajiambia, sentimita mbili, kwani ni nini?

Lazima uelewe kitu kuhusu ndege za sarakasi. Ndege ya kujifunzia ina mabawa yaliyoinuka kwenye ncha, kama V iliyotandazwa, na ikiinama upande ukaachilia rimoti, yenyewe inajirudisha. Inakusamehe. Ndege ya sarakasi imenyimwa msamaha huo makusudi. Bawa lake limebinuka sawa juu na chini ili iruke chali kama inavyoruka kawaida, na ukiiacha imelala upande inabaki imelala upande. Inakaa ulipoiweka. Ndiyo maana inaweza kuchora duara safi, na ndiyo maana haina huruma. Nilipoanza kujenga nilipenda hiyo habari, nikajiona humo: mimi ni wa aina ile isiyohitaji kurudishwa. Ni wazo zuri kwa mtu aliyekaa chini.

Tulienda Siakago Jumapili moja mwezi wa nane, familia nzima, kumwona shosho aliyekuwa amelazwa wiki iliyotangulia. Nikabeba ndege. Bawa lililipiwa kiti. Mchana mjomba akatuombea uwanja wa mpira wa shule ya jirani, watoto wakafukuzwa hadi nyuma ya goli, na baba, bila kuombwa, akaja na fimbo yake akasimama kando yangu.

Ilipaa ndani ya mita kumi. Kwa sekunde tatu hivi ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya. Kisha pua ikapanda. Nikasukuma kidogo tu kuishusha, ikaenda chini kama imepigwa. Nikavuta kidogo, ikasimama wima angani, ikaonyesha tumbo lake la kaki, ikakosa mwendo, ikaangukia bawa la kushoto karibu na mstari wa katikati. Hakukuwa na mlio mkubwa. Mkonge hauvunjiki kwa kelele.

Watoto walifika kabla yangu. Baba alifika wa mwisho, polepole. Akageuza mkia kwa ncha ya fimbo. Mkia ulikuwa mzima kabisa, saiprasi haijachubuka hata.

"Ramani ilisema nini hapa?" akauliza. Sauti ya mwalimu, ile inayojua daftari liko mkononi mwako.

"Mbao nyepesi. Nikaweka nzito."

"Ilisema kwa nini iwe nyepesi?"

"Haikusema."

Akatikisa kichwa. Sikujua anamkubali Kraft au ananikataa mimi. Mjomba alikuwa anawafukuza watoto wasiibe vipande. Nikaona nikingoja tufike nyumbani sitasema tena, nitafunika.

"Baba, chuo sikuacha mwezi wa tano. Niliacha mwezi wa tisa, ule wa kabla."

Hakunitazama. Alitazama kule mbele, mahali penye goli, na midomo yake ikasogea kidogo, kama anavyofanya akijumlisha alama za darasa zima bila karatasi.

"Saba," akasema.

"Saba."

Akaokota betri iliyokuwa imechomoka, akanipa, akaanza kutembea kurudi kwa shosho. Njiani hakuongea, na kwenye matatu alikaa mbele na dereva. Nilitaka anigombeze. Ningegombezwa ningepata kitu cha kujibu, kuhusu ajira, kuhusu mbao na mwinuko, hoja zote nilizozieleza hapo juu, ambazo bado naamini ni za kweli. Hazikuwa na mahali pa kusimama mbele ya namba ile.

Usiku huo nilitandaza ramani nikaandika kwa penseli kwenye mkia: saiprasi, gramu 60 zaidi, mizani sentimita 2 nyuma, ilianguka Siakago. Nikaweka na tarehe.

Wiki mbili baadaye nilienda nyumbani kuchukua nguo. Baba alikuwa mezani na lile daftari la miti, miwani puani, ukurasa wa zile nambari saba umefunguliwa. Pale palipoandikwa karo alikuwa amekata mstari mara mbili tu, kwa rula, na pembeni akaandika neno lingine. Lilikuwa fupi. Nilikuwa mlangoni, sikuweza kulisoma, na alipolifunga daftari sikuomba kuona. Aliniuliza kama mkonge wa Mbeere unapatikana bado mwezi huu. Nikamwambia mjomba ameniwekea miwili.